Matembezi ya Jamaa Katika Mji wa Mombasa

Miongoni mwa neema alizotupa Mwenyezi Mungu, ambazo aghalabu hatuzikumbuki mpaka zitutoke, ni miguu miwili ya kwendea. Watu wa Bani Salima, waliokuwa wakikaa mbali na msikiti wa Mtume (S.A.W.) katika mji wa Madina, walitaka kuhama wawe karibu nao. Mtume aliposikia habari hiyo aliwaambia wakae papo hapo katika majumba yao, kwani nyayo zao zaandikwa. Hadithi hii ameipokea Imamu Muslim. Basi ikiwa hatua za mja zina thamani namna hii mbele ya Mola wake, haifai sisi kuziona ni taabu ya kuepukwa.

Kisiwa cha Mombasa si kikubwa. Hata hivyo ziko nyumba nyingi ambamo mwendo wa dakika kumi hufanyiwa safari ya tuktuk, na watoto warudipo skuli na chuoni huketi ndani wameinamia simu. Kijana wa Majengo au wa Kisauni aweza kukutajia viwanja vya mpira vya Uingereza kimoja baada ya kimoja, lakini ukimwuliza Ngome ya mji wake ilijengwa na nani, na ikatekwa na nani, hana jawabu. Na mama wa nyumba, aingiaye jikoni alfajiri na asiyepumzika mpaka baada ya isha, huenda mwezi ukamalizika hajaiona bahari, na ilhali yeye yuko kisiwani. Mji usiotembewa na wenyewe huwa ni mji wa wageni, na mtoto asiyejua kwao ni rahisi kudharau kwao.

Kwa sababu hiyo twaeleza hapa matembezi matatu mepesi, ambayo mtoto wa miaka sita na bibi yake waweza kwenda pamoja bila ya kuchoka. Yataka kuchagua wakati. Jua la Mombasa ni kali, na hasa katika miezi ya kaskazi, tangu Disemba hata Machi. Basi ni bora kutoka baada ya sala ya alfajiri na kurejea kabla ya saa tatu ya asubuhi, au kutoka baada ya alasiri. Chukueni maji ya kunywa, mvae viatu vyepesi, na mpime mwendo wenu ili adhana ya magharibi iwakute karibu na msikiti.

Matembezi ya kwanza ni ya Mji wa Kale, na mwanzo wake ni penye Ngome. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, na jina waliloipa, Ngome ya Yesu, ndilo ililo nalo mpaka leo. Mwezi wa Machi 1696 majeshi ya Oman yaliizingira, na mazingiwa hayo yalidumu karibu miaka mitatu, mpaka Disemba 1698 ndipo ilipotekwa. Waliokuwamo ndani waliuawa na njaa na maradhi zaidi kuliko silaha. Zama za Waingereza ngome hii ilifanywa jela mpaka mwaka 1958, kisha mwaka 1960 ikafunguliwa kuwa nyumba ya makumbusho, na mwaka 2011 ikatiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Kuna kiingilio cha kulipa. Lakini hata asiyeingia aweza kuwasimamisha wanawe chini ya kuta zile akawaonyesha unene wake, na akawaambia kwamba wenye kuta kama hizi pia walishindwa.

Kutoka hapo fuateni Ndia Kuu. Watoto wafahamishwe kwamba "ndia" kwa Kimvita ni "njia", wapate kuyajua maneno ya wazee wao. Vichochoro vya Mji wa Kale ni vyembamba, na wembamba huo si upungufu. Nyumba za mawe zimekaribiana hivi ili moja iitie nyingine kivuli, na upepo wa bahari upate kupita katikati. Mji huu ulipimwa kwa kipimo cha mwenda kwa miguu, si cha gari. Tazameni roshani za mbao, na milango ya nakshi, na baraza zilizojengwa nje ya nyumba ili mgeni apate pa kuketi.

Mbele kidogo, katika njia iliyopewa jina la Sir Mbarak Ali Hinawy, aliyekuwa Liwali wa Pwani, upo Msikiti wa Mandhry, ambao wasemekana kujengwa mwaka 1570, na mpaka leo huswaliwa. Mkabala wake pana kisima. Jambo hili latukumbusha habari za Ibn Battuta, aliyefika Mombasa mwaka 1331, zaidi ya miaka 200 kabla ya msikiti huu. Yeye aliwasifu watu wa hapa kwa dini na wema wao, akaeleza kwamba misikiti yao ilijengwa kwa mbao, na kwamba penye mlango wa kila msikiti palikuwa na kisima kimoja au viwili. Watu walikwenda miguu mitupu, wakaosha miguu yao mlangoni, wakaifuta penye mkeka, ndipo wakaingia. Hebu mzee wa nyumba awahadithie wanawe habari hii hali wamesimama hapo, na aone kama wataisahau.

Kutoka hapo mwendo wa dakika chache wawafikisha Bandari ya Kale, mahali palipotia nanga majahazi ya Oman, Uajemi na Bara Hindi, yaliyokuja na kaskazi na kuondoka na kusi. Mkirudi piteni Marikiti, watoto wanuse iliki, mdalasini na karafuu. Wala msisahau kuwaambia vijana kwamba mji huu ndio uliomtoa Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, mwenye gazeti la "Al-Islah" la mwaka 1932, aliyekuwa baadaye Kadhi Mkuu wa Kenya mpaka alipofariki mwaka 1947. Naye alikuwa kijana wa vichochoro hivi hivi.

Lakini Mji wa Kale si makumbusho. Wamo watu wanaokaa. Mtume (S.A.W.) amewausia wenye kukaa njiani waipe njia haki yake: kuinamisha macho, kuzuia udhia, kurudisha salamu, kuamrisha mema na kukataza maovu. Basi mlango ulio wazi usichunguliwe, mtu asipigwe picha bila ya ruhusa yake, na wazee walioketi barazani wapewe salamu. Na kama katika mtaa huo yuko shangazi au bibi mliyekatikiwa naye kwa muda mrefu, pigeni hodi. Kuunga udugu ni amri, na pengine hatua zenu za siku ile hazikuwa na ujira mkubwa kuliko huo.

Matembezi ya pili ni ya Mama Ngina, kusini ya kisiwa, mahali palipotengenezwa upya na kufunguliwa Oktoba 2019. Njia yake ni sawa, hata mzee mwenye mkongojo hupita. Upande mmoja ni mibuyu mikubwa, na upande wa pili ni bahari, na mlangobahari ambamo meli kubwa huingia Kilindini karibu hata mtoto akadhani aweza kuzigusa. Hapa hupatikana madafu, na mihogo iliyotiwa pilipili na ndimu. Siku za mwisho wa juma watu huwa wengi. Wapendao utulivu, na hasa kina mama, na waende siku za kazi.

Wako waonao haya mume kutembea na mkewe, wakadhani kwamba heshima ya mwanamume ni kumwacha nyumbani. Wamesahau kwamba Mtume (S.A.W.) alishindana mbio na Bibi Aisha (R.A.) walipokuwa safarini, mara ya kwanza Bibi Aisha alimshinda, na mara ya pili, alipokwisha kunenepa, Mtume akamshinda, akamtania kwamba hii ni badala ya ile. Abu Dawud ameipokea habari hii. Basi ni nani aliye na heshima kumshinda yeye? Angalieni tu watoto wasisogee ukingoni, na makapi ya madafu yasiachwe njiani, kwani kuondoa udhia njiani ni katika matawi ya imani.

Matembezi ya tatu yako ng'ambo ya daraja la Nyali, huko Bamburi, katika bustani ya Haller. Mahali hapa palikuwa ni machimbo ya mawe ya kutengenezea saruji, kazi iliyoanza mwaka 1954, na palipokwisha kuchimbwa palibaki ardhi nyeupe isiyoota hata jani. Mwaka 1971 Rene Haller alianza kupanda miti humo, na mvinje ndio uliostahimili. Lakini majani yake yalipoanguka hayakuoza, mpaka walipoletwa majongoo wakayala, na kinyesi chao kikawa udongo wa rutuba. Hivi leo ni msitu wenye vivuli na mabwawa. Hapa ndipo alipoletwa mtoto wa kiboko aliyeitwa Owen, aliyeokolewa baharini Malindi mwaka 2004 baada ya tsunami, akafanya usuhuba na kobe mkubwa aitwaye Mzee. Watoto watafurahi kwa habari ya kiboko. Lakini nyinyi wazazi waonyesheni pia yule jongoo, mdudu tunayemkanyaga bila ya kumjali, ambaye Mwenyezi Mungu alimjaalia kuwa sababu ya kuhuisha ardhi iliyokufa.

Ndugu wasomaji, haya yote hayataki mali nyingi. Yataka baba aache baraza yake siku moja katika juma, mama afunikie chungu chake mapema, na kijana atie simu mfukoni. Wazee wanaoyajua majina ya mitaa, na nyumba ilikuwa ya nani, na kisima kilichimbwa na nani, wapungua kila mwaka, na yaliyomo vifuani mwao huzikwa pamoja nao. Afanyaye matembezi na babu yake leo, kesho atakuwa na la kumwambia mjukuu wake.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atupe afya ya miguu yetu, azitie hatua zetu katika yale ayapendayo, na azijaalie nyumba zetu mapenzi na kuoneana huruma. Amin.