Mfereji wa Nuru

Taa kubwa huwashwa ili tuone vitu vingine. Taa ndogo ya ishara huwashwa ili ionwe yenyewe. Haimuliki njia wala haifukuzi giza chumbani, walakini neno lake hutiiwa. Ikiwaka, mtu husita. Ikizimika, mtu huendelea. Leo tumezungukwa na taa za namna hii: zimo katika simu, katika redio, katika mita ya umeme, katika kisanduku cha umeme wa jua, na katika vyombo vya hospitali. Aghalabu hatuzijali mpaka siku zinapotudanganya.

Watu wengi hudhani kuwa kidirisha king'aacho usoni pa chombo ndicho taa yenyewe. Sivyo. Taa yenyewe, chembe ya LED ambayo huweza kuwa ndogo kama punje ya mtama, imekaa ndani juu ya bao la saketi, pengine sentimita 2 au 3 kutoka usoni. Imewekwa huko kwa sababu ni rahisi kuunganisha sehemu zote za umeme juu ya bao moja. Baina ya taa na kidirisha huwekwa kijiti cha plastiki angavu. Kijiti hicho hupokea nuru kwa ncha moja na kuitoa kwa ncha ya pili, hata kama njiani kimepinda. Hakina waya wala betri, na kuta zake hazikupakwa rangi ya kioo. Mimi hukiita mfereji wa nuru.

Jina hilo halitakuwa geni kwa kijana wa Machakos. Sisi tumelelewa katika nchi ya vilima na matuta, ambako mvua ni mgeni asiyekuja mara nyingi. Akija, maji yake huongozwa kwa kingo na mitaro, yasipite bure na kuchukua udongo wa shamba. Lakini ukingo wa mfereji wa maji ni udongo mzito, na kila mtu anauona. Je, nuru huzuiwa na nini, nazo kuta za mfereji wake ni angavu kama maji ya chemchemi?

Jibu lake ni pembe. Nuru ikisafiri ndani ya plastiki na kuufikia ukuta unaopakana na hewa, bahati yake hutegemea namna inavyoufikia. Ikiujia wima, au karibu na wima, hupenya ikatoka nje. Ikiujia kwa mlazo, hairuhusiwi kutoka hata kidogo. Hurudishwa ndani yote pia. Mpaka wa hali hizi mbili huitwa pembe ya kikomo, nayo hupimwa kutoka mstari uliosimama wima juu ya ukuta. Katika plastiki iitwayo akriliki, ambayo kipeo chake cha kupinda nuru ni 1.49, pembe hiyo ni nyuzi 42 na kitu. Katika polikaboneti, yenye kipeo cha 1.59, ni nyuzi 39 hivi.

Hesabu hizi zina ajabu ndani yake. Nuru iingiayo kwa ncha bapa ya kijiti cha akriliki hupindwa palepale mlangoni, hata ikawa haiwezi kuachana na mhimili wa kijiti kwa zaidi ya nyuzi 42 na kitu. Basi ikienda kugonga kuta za pembeni, huzigonga kwa pembe isiyopungua nyuzi 47. Kwa kuwa 47 ni kubwa kuliko 42, nuru yote iliyokwisha kuingia hubaki ndani, maadamu kijiti kimenyooka na kuta zake ni laini.

Usiniamini kwa maneno matupu. Chukua rula angavu katika mkebe wako wa jometri, ingia mahali penye giza, na uisimamishe ncha yake moja juu ya tochi. Ncha ya pili itawaka, na ubapa wa katikati utabaki karibu na giza. Kisha itazame mikwaruzo. Kila mkwaruzo utang'aa kama uzi wa fedha, na kila uzi huo ni ufa ambamo nuru inavuja.

Sikuyachunguza mambo haya kwa udadisi mtupu. Mama yangu huishi ng'ambo ya vilima vya Iveti, katika nyumba ipatayo mwanga wake kutoka kwa kisanduku cha umeme wa jua. Hakujaliwa kwenda shule. Usoni pa kisanduku chake mna vidirisha vinne vya kijani: vinne vikiwaka, betri imejaa, kikiwaka kimoja, betri inakaribia kwisha. Kwa asiyesoma herufi, taa hizo ndizo herufi. Usiku mmoja mjukuu wake alishikwa na homa. Mama alihesabu taa, akaona mbili, na kwa mazoea yake mbili zilitosha mpaka alfajiri. Usiku wa manane, alipokuwa akimpimia mtoto dawa kwa kijiko, mwanga ulizimika. Alingoja mkono usimame kutetemeka, akapuliza makaa ya jikoni, akaipima dawa upya mbele ya moto. Mtoto alipona. Lakini nilipofika asubuhi mama aliniambia, "Mwanangu, kusoma sijui, lakini kuhesabu najua. Zilikuwa mbili."

Nilikipeleka kisanduku kwa fundi mmoja mjini. Alikifungua, akapima betri, akasema, "Mwalimu, betri haina ubaya, na mama hakukosea. Hebu tuzibe dirisha." Alipotia giza chumbani, tuliona kwamba taa moja tu ilikuwa inawaka juu ya bao, ilhali nje viling'aa vidirisha viwili. Mchana uvujaji ule haukuonekana, kwa kuwa nuru ya jua iliushinda. Usiku ulionekana kama kweli. Mifereji minne ya kisanduku ilikuwa imemiminwa kwa kalibu moja, ikashikanishwa na utando mnene wa plastiki ileile, ili iwe rahisi kuipachika. Utando huo ulikuwa umekuwa daraja: nuru ya taa ya kwanza ilivuka na kutokea kwa jirani. Zaidi ya hayo, kila mfereji ulikuwa umekunjwa kwa kona kali mno.

Jambo la kona nililipeleka darasani. Wanafunzi walichora mfereji kwenye karatasi kubwa, wakaugawa unene wake katika sehemu 10 zilizo sawa, na katikati ya kila sehemu wakapitisha mwale mmoja wa nuru sambamba na kuta. Kisha wakaupinda mfereji katika michoro miwili. Katika mchoro wa kwanza, nusu kipenyo cha upande wa ndani wa kona kilikuwa sawa na unene wa mfereji. Walipima pembe ya kila mwale ulipogonga ukuta wa nje, na miale 3 iliyokuwa karibu na upande wa ndani ikaonekana kuwa chini ya pembe ya kikomo; ikatoka. Katika mchoro wa pili, nusu kipenyo kilikuwa mara tatu ya unene. Hakuna mwale hata mmoja uliotoka. Wakapiga hesabu, wakajionea kanuni yenyewe: kwa akriliki, nusu kipenyo cha ndani yafaa kizidi unene wa mfereji mara mbili na kidogo. Maji nayo hufanya vivyo hivyo. Mtaro ukikatwa kona ya ghafula, huruka ukingo.

Hivyo ndivyo wabunifu wafanyavyo, ila wao hutumia kompyuta. Programu hurusha miale laki kadhaa, pengine mamilioni, kila mmoja kwa upande wake, kwa sababu taa ya kweli haitoi miale sambamba kama ile ya mchoro wetu. Kila mwale ukigonga ukuta, kompyuta huuliza pembe, ikaamua kama utatoka au utarudi. Mwishoni huhesabu ni mingapi iliyofika kidirishani, na ni mingapi iliyopotea kwa jirani. Kazi hii huitwa kuiga kwa hesabu. Faida yake ni kubwa, kwa kuwa kalibu ya chuma ni ghali kuichonga na ni ghali zaidi kuichonga upya, lakini kona iliyo katika hesabu hunyooshwa bure.

Hata hivyo, mwigo hujibu kile ulichoulizwa tu. Mbunifu akiuambia kwamba kuta zote ni laini, hautamwonyesha mkwaruzo. Akisahau kuuambia kwamba nuru hupungua kiasi cha asilimia 4 inapoingia kwa uso bapa, na kiasi kama hicho inapotoka, utamwahidi mwangaza usiokuwapo. Na akihesabu nuru ya kidirisha kimoja pasipo kuuliza habari za jirani, atapata jibu sahihi kwa swali pungufu. Yamkini ndivyo ilivyokuwa kwa kisanduku cha mama.

Fundi aliukata utando kwa msumeno mwembamba, akaweka kipande cha karatasi nyeusi baina ya kila mfereji na mwenziwe. Nilipotaka kuzibandika karatasi zile kwa gundi juu ya kuta za mfereji, mwanafunzi mmoja aliyefuatana nami alinizuia kwa adabu. Alisema kuwa hewa iliyoizunguka plastiki ndiyo ukingo wa mfereji. Gundi ikigusa ukuta, nuru itapata mlango. Alisema kweli, tukazishikiza karatasi kwenye bao. Usiku tulijaribu: taa moja ikawa moja, mbili zikawa mbili. Mama hakutuamini palepale. Kwa juma zima alihesabu taa kila jioni na kulinganisha na saa ambayo mwanga ulikwisha, ndipo aliporidhika. Alifanya vema, hakuna mwigo unaopita jaribio la kweli.

Asili ya elimu hii ni ya zamani. Mwaka 1841 huko Geneva, Daniel Colladon aliionyesha nuru ikifuata mchirizi wa maji uliopinda. Mwaka 1966 Charles Kao alieleza kwamba nyuzi za kioo safi zingeweza kupeleka habari mbali sana kwa nuru. Mwaka 2009 alitunukiwa Tuzo ya Nobel, na mwaka uohuo nyaya za nyuzi hizo zilizopita chini ya bahari zilifika Mombasa. Nuru iletayo habari kutoka ng'ambo ya bahari na nuru ya kidirisha cha mama huzuiwa na sheria moja ya pembe.

Ninyi vijana mtakaobuni vyombo kesho, msiidharau kazi kwa udogo wake. Kijiti cha plastiki cha sentimita 3 hakitamletea mtu sifa, wala jina la aliyekichora halitajulikana. Lakini yuko mtu mahali fulani ambaye ataamini kile kijiti kisemacho, na atapima dawa ya mtoto kwa imani hiyo. Chora kona zako kana kwamba unamjua mtu huyo.