Ubao wa Endamarariek: Je, ni Mkono wa Tingatinga?

Ukifika Karatu waache watalii waendelee na barabara yao ya Ngorongoro, nawe ushike njia ya Endamarariek, katikati ya mashamba ya mahindi na mbaazi ya Wairaqw. Maduka ya vinyago na picha utakuwa umeyaacha mjini. Hata hivyo ni huku, nyumbani kwa mzee mmoja mkulima, nilikoonyeshwa ubao ambao familia nzima iliutegemea kwa karo ya mjukuu.

Umechorwa chui mmoja tu, na chini pameandikwa E. S. Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa Tunduru mwaka 1932, akaanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, akauawa kwa risasi ya polisi mwaka 1972. Miaka minne tu! Ndiyo maana picha zake ni ghali, na walaghai nao ni wengi.

Yeye alichora juu ya hadibodi kwa rangi ya baiskeli, aghalabu mnyama mmoja. Ukiuziwa kitambaa chenye kundi la tembo na Mlima Kilimanjaro kwa jina lake, usijisumbue. Lakini hadibodi si ushahidi kamili, kwani wanafunzi wake, akina Simon Mpata na January Linda, walitumia vifaa vilevile.

Huko Ujerumani rangi ilitoboa siri. Wolfgang Beltracchi alighushi picha ya farasi na kuipa jina la Heinrich Campendonk, mmoja wa Waekspreshonisti, wale wachoraji waliokoleza rangi ili kudhihirisha hisia za moyo. Ilidaiwa kuwa ya mwaka 1914. Wapimaji wakakuta ndani yake nyeupe ya titani, ambayo wakati huo haikuwa ikitumiwa na wachoraji. Mwaka 2011 alihukumiwa kifungo cha miaka sita.

Kwa ubao wetu kipimo hicho hakifai: kopo la mwalimu lilikuwa pia kopo la mwanafunzi. Hapo huulizwa mwenye mali. Mzee alieleza bila kusita kwamba aliununua mwenyewe Oysterbay, alipokuwa mpishi wa wageni, na rangi ilikuwa ingali ikinata vidoleni. Mwaka gani? Mwaka aliozaliwa binti yake wa kwanza, 1975.

Marehemu alikuwa na miaka mitatu kaburini.

“Basi huyu chui ni wa nani?” mzee akauliza. Wa mwanafunzi fulani, yamkini, aliyeandika jina lililouzika. Nilimshauri aandike habari hiyo yote karatasini pamoja na mwaka, aiweke na ubao, na asikubali mtu aufute jina wala kuupaka vanishi. Kazi ya Oysterbay ya mwaka 1975 nayo ina wanunuzi wake, ingawa bei yake haitafika ile aliyokuwa ameahidiwa.