Ngoro na Jedwali

Katika miteremko ya Umatengo, wilayani Mbinga, mkulima hulaza nyasi zilizofyekwa zikapishana mithili ya miraba, kisha huchimba udongo wa katikati akazifunika. Mashimo yanayobaki huyazuia maji ya mvua yasikokote rutuba bondeni. Hiyo ndiyo ngoro.

Mwaka 1970 Edgar Codd alieleza namna ya kupanga maarifa katika majedwali. Nayo ni ngoro ya aina yake: kila neno na shimo lake.

Anayejifunza nyumbani, awe Mbinga mjini au Mbamba Bay ufukweni, akishazipata programu hahitaji kungoja intaneti. Kompyuta moja yaweza kuwa seva na kivinjari pia, ikajiuliza, ikajijibu. PHP na MySQL, zilizotoka mwaka 1995, hupatikana bure. Na aanze na jedwali dogo: neno la Kimatengo, maana yake kwa Kiswahili, jina la aliyelitamka. Hilo la tatu lisisahauliwe. Mzee akiondoka na maneno yake, hakuna hifadhidata itakayorejesha kisichoandikwa. Mvua haikingwi ikishapita.