"Mama mdogo, zinashika?"

Washikaji wa Bongo wakisikia mtu yuko mbele, wanadhani kazi ni kula kuku kwa mrija na kupiga picha kwenye theluji. Thubutu! Mimi huku Norway nimepiga pasi mpaka mkono ukafa ganzi. Tena si nguo, ni mbao.

Kwa wasiojua, skii ni vile vibao virefu vyembamba vya kutelezea kwenye theluji. Wapo wanaoshuka nazo milimani tu, lakini hizi ninazosema ni za masafa: unapanda, unashuka, unakata tambarare, jasho linakutoka ile mbaya. Binti wa dada yangu, miaka 15, alikuwa anakwenda Hovedlandsrennet, mashindano ya taifa ya vijana wa miaka 15 na 16. Kocha wao alikuwa na wasaidizi wachache, akaniomba nikamsaidie kupaka nta.

Kumbe ni kasheshe! Mbele na nyuma ya skii inapakwa nta ya kuteleza: unaiyeyusha kwa pasi, inapoa, unaikwangua, unapiga brashi mpaka ubao ung'are. Katikati, chini ya mguu, inakwenda nta ya kushika. Ukikanyaga kwa nguvu, pale panang'ang'ania theluji ili upande mlima. Ukiachia, panainuka, unateleza. Kijani ni ya baridi kali, bluu ya baridi ya wastani, zambarau na nyekundu joto likikaribia sifuri. Ukipaka ngumu mno, mlimani unarudi nyuma kama daladala iliyokatika breki. Ukipaka laini mno, theluji inaganda chini, unatembea kama umevaa viatu vya zege.

Zamani kulikuwa na nta za florini zilizoteleza balaa. FIS, shirikisho la kimataifa la mchezo huo, lilizipiga marufuku kuanzia msimu wa 2023/24, maana kemikali zake haziozi na zina madhara. Sasa ujanja umebaki kwenye kujaribu na kujaribu tena.

Mwaka uliotangulia, skii za binti zilikataa kushika, akapanda milima yote kwa nguvu za mikono. Alimaliza karibu na mwisho, na mwenzake mmoja akamwambia watu weusi hawakuumbiwa theluji. Tangu siku hiyo alitaka kuacha. Usiku wa kuamkia mashindano nikamsimulia habari za Mkenya Philip Boit, aliyeshika mkia kwenye kilomita 10 Nagano mwaka 1998, huku bingwa Bjørn Dæhlie akimsubiri pale mwisho amkumbatie. Baadaye Boit akampa mwanawe jina la Dæhlie. Binti akacheka, kisha akasema, "Lakini mimi sitaki kukumbatiwa, mama mdogo. Nataka zishike."

Asubuhi joto likawa sifuri kamili na theluji mpya inadondoka. Hapo hata makocha wazee wanakuna vichwa. Kwa kuwa uzito wangu na wa binti unalingana, kocha akaniambia nizijaribu mimi. Zambarau peke yake ikaganda. Bluu ikateleza nyuma. Tukapaka zambarau nyembamba, juu yake bluu kidogo sana, tukaisugua kwa kizibo. Nikapanda kilima mara tatu, presha juu.

"Mama mdogo, zinashika?"

"Zinashika, mwanangu. Nenda."

Alikuwa wa 41. Hakuna medali, hakuna gazeti la kule lililoandika jina lake. Ila alipanda milima kwa miguu yake, na jioni aliuliza mazoezi ya msimu ujao yanaanza lini.

Wewe unayeshangilia nyota uwanjani, usimsahau yule aliyechomwa na pasi alfajiri. Hashangiliwi na mtu, lakini bila yeye nyota wako angekuwa anarudi nyuma tu.

Tuonane wiki ijayo, Mungu akipenda.