Mtihani wa Hesabu au wa Lugha?

Wazazi wengi, mtoto anaposhindwa na hesabu, husema mara moja kwamba ni mvivu au hana akili. Yafaa kwanza kulitazama swali aliloulizwa.

Katika shule moja ya Ukambani mwalimu aliandika swali ubaoni kwa Kiingereza: Ni nini tofauti ya 12 na 7? Mtoto mmoja akajibu kwamba 12 ina tarakimu mbili na 7 ina moja tu. Wenzake wakacheka, naye akapata sifuri. Baadaye mwalimu yule alimwuliza kwa Kikamba: "Ukiwa na mbuzi 12, na jirani yako ana 7, umemzidi mbuzi wangapi?" Mtoto akajibu "Watano" kabla mwalimu hajafunga kinywa. Hesabu aliijua tangu malishoni. Jambo asilolijua ni kwamba neno "tofauti" katika hesabu lina maana yake ya pekee.

Bahati yake ni kuwa aliandika jibu kwa maneno, na mwalimu akaona mahali alipopotea. Katika mtihani mkubwa hakuna bahati hiyo. Katika mtihani wa kumaliza shule ya msingi, KCPE, uliofanywa Kenya tangu 1985 hata 2023, hesabu iliulizwa kwa Kiingereza, na mtoto alichagua herufi moja kati ya nne akaitia alama kwa penseli. Mashine iliyosahihisha haikuweza kujua kama aliyekosa alishindwa na hesabu ama na neno. Kosa lilihesabiwa kuwa lile lile, na kwa alama hizo mtoto alipata shule nzuri ya sekondari au akaikosa.

Wako wasemao kwamba Kiingereza hakina budi kujulikana. Ni kweli, na kwa ajili hiyo upo mtihani wa Kiingereza wenyewe. Si haki mtoto apimwe lugha mara mbili na hesabu nusu.

Basi watungaji wa mitihani na watumie sentensi fupi na maneno yanayofahamika, na kila swali liulize jambo moja tu. Walimu nao wayafundishe maneno ya hesabu kama wanavyofundisha kujumlisha na kutoa. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Lakini aulizaye swali lisiloeleweka asimwite mjinga yule aliyeshindwa kulijibu.