Ubishi wa Maabarani

Kwa sisi wa HKL, maabara lilikuwa jengo la kupita kando. Historia, Kiswahili na Kiingereza tulivisoma popote: chini ya mwembe, kitandani, hata kwenye foleni ya maharage. Wenzetu wa PCB na PCM, watu wa fizikia na kemia, walikuwa na mlango wao, makoti yao meupe na harufu iliyowafuata hadi bwenini. Wakatuita watu wa hadithi. Nasi tukawaita watu wa jibu moja: wao wakishapata namba, mjadala umefungwa. Ubishi tuliuona mali yetu. Ni sisi tuliokesha tukigombana kama Yasmin wa riwaya ya Vuta N'kuvute alifanya vyema kumkimbia mumewe, Bwana Raza.

Jumamosi moja jirani yangu wa kitanda cha juu, mtu wa PCB, alikosa wa kumwandikia vipimo kwa sababu mwenzake alikuwa kalazwa na malaria. Fundi wa maabara akaniruhusu kuingia kwa sharti kwamba nisiguse kitu.

Kazi ilikuwa kudondosha pamanganeti ya potasiamu kwenye asidi ya oksaliki iliyochanganywa na asidi ya salfuriki na kupashwa moto. Pamanganeti ni zambarau iliyoiva. Mchanganyiko ule hauna rangi kabisa. Tone la kwanza liliingia likabaki na zambarau yake, likizunguka chupani huku jamaa akitikisa. Nikajua mambo yameharibika. Mara likafifia. La pili likafifia upesi zaidi, na yaliyofuata yakawa yanapotea yakigusa tu.

"Ni manganizi inayozaliwa humo ndani," akaninong'oneza. "Yenyewe ndiyo inayoharakisha."

Kumbe kazi ile inajitengenezea kichocheo chake! Hatimaye tone moja likagoma kupotea, chupa ikabaki na waridi hafifu, naye akafunga bureti.

Hapo ubishi ukaanza. Meza ya pili walikuwa wamesoma kipimo kwenye kitako cha mbonyeo wa maji, kama walivyozoea. Jamaa yangu alisoma ukingo wa juu, maana pamanganeti imekolea mno kuonyesha kitako. Mwingine akaja na yake: waridi yetu imezidi, tumepitiliza. Walivutana kwelikweli, lakini hakuna aliyetaja mwalimu wala kitabu. Wakamwaga, wakaosha, wakaanza upya. Kwenye midahalo yetu mara nyingi alishinda mwenye sauti na methali.

Usiku ule jamaa yangu alinisimulia habari za Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa kidato cha tatu huko Magamba Sekondari, alitengeneza aiskrimu, akaweka maziwa ya moto kwenye friza bila kuyasubiri yapoe. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Alipouliza sababu, aliambiwa amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, aliuliza tena, mwalimu akamjibu kuwa hiyo ni fizikia ya Mpemba, na darasa likawa linamcheka hivyo kila akikosea. Hukohuko alimuuliza swali hilohilo Denis Osborne, mwanafizikia wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam aliyekuja kuwatembelea. Wanafunzi wakacheka tena. Osborne yeye alirudi Dar es Salaam, jambo hilo likajaribiwa, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala pamoja. Mpaka leo wanasayansi wanabishana chanzo ni nini, na wapo wanaotilia shaka kama jambo lenyewe hutokea.

Tangu hapo mabishano yetu ya fasihi yalibadilika, angalau upande wangu. Mtu akidai Yasmin alikuwa hivi au vile, nilimuuliza: ukurasa gani? Waliniona msumbufu. Jamaa wa PCB naye aliazima riwaya yangu, akairudisha ikiwa na alama za kuuliza za penseli kila mahali, na baadhi ya maswali yale sikuwa na jibu lake.

Wakuu wa shule, nina ombi. Jumamosi moja kila muhula wafungulieni HKL mlango wa maabara, hata kama watakaa tu kuandika vipimo vya wenzao. Na kwenye mdahalo wa Kiswahili, wapeni PCB viti vya mbele.