Sikio Kabla ya Karatasi

Mcheza kwao hutunzwa. Methali hii tuliifundisha miaka mingi katika madarasa ya Koboko, wala hatukuizingatia sisi wenyewe. Aliyetufumbua macho ni kijana mmoja.

Alikuwa mwanafunzi wetu wa Kiswahili, na kila Jumapili alipiga adungu kubwa katika kwaya ya kanisa. Yafaa tuwaeleze walimu wenzetu walio mbali kwamba adungu ni kinubi cha Waalur kilichoenea West Nile na hata nje yake: mwili wa mti uliochongwa na kuwambwa ngozi, shingo iliyopinda, na nyuzi zinazotoka shingoni hadi mwilini. Hupigwa kwa makundi; zile ndogo hutoa sauti za juu, na ile kubwa hubeba besi. Kijana huyu hakujua nota hata moja. Mwalimu wake alikuwa sikio.

Kiswahili nacho alikipata vivyo hivyo, sokoni na kwa madereva wa malori wapitao karibu na mipaka ya Kongo na Sudan Kusini. Siku moja alisimama kusoma insha yake. Aliposema "kitabu yangu" tulimkatiza, kisha tukamkatiza tena na tena, darasa likaangua kicheko. Tangu siku hiyo hakunyosha mkono hata alipomaliza shule. Nasi tulijiona tumeilinda lugha.

Miaka ilipita, tukakutana naye Arua wakati wa likizo. Alikuwa amevuka Nile pale Pakwach na kwenda Kampala, ambako alisomea chelo, yaani fidla kubwa ishikwayo kati ya magoti, yenye nyuzi nne na kupigwa kwa upinde. Wapenzi wa taarabu ya Unguja wanaijua. Hukaa pamoja na udi na ganuni. Tulimwuliza aliwezaje kuianza ala ngeni katika umri ule.

"Mwalimu," akasema, "siku ya kwanza waliniuliza mimi napiga nini nyumbani. Nikapiga. Wakasema, besi iko kwa sikio yako tayari, sasa tutafuta namna ya kuandika."

Tuliisikia ile "sikio yako". Safari hii hatukumkatiza.

Hakuna aliyemwambia kwamba nota si lazima. Alitusimulia jinsi upinde ulivyokwaruza wiki nyingi, vidole vilivyochubuka, na usiku aliokesha akisoma ukurasa mmoja wa nota kama mtoto anayejifunza silabi. Alivumilia, kwa kuwa hakuambiwa atupe alichokuja nacho.

Walimu wenzetu, tangu marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda, na ngeli hatuna budi kuzifundisha. Lakini mtoto wa mpakani haji darasani mikono mitupu. Siku hizi, kipindi cha kwanza cha mwaka, tunawaomba wanafunzi watusimulie habari yoyote kwa Kiswahili walicho nacho, nasi tunasikiliza hadi mwisho. Kalamu nyekundu hungoja kipindi cha pili.

Kabla hatujaagana kule Arua tulimwomba radhi kijana yule. Alicheka, akasema amekwisha kusahau. Hatukumsadiki, kwa maana insha ile ilihusu nini alikuwa bado anakumbuka: adungu ya babu yake.